Zabibu za Hitima ya Nihat

Bibi harusi wa mtaa wa bondeni, pale Malatya, akiolewa bila mfarishi wa kujifunika wa Bi Nuriye, watu waliulizana kulikoni. Ama mama mtu ni bahili, ama nyumba mbili zimenuniana. Bi Nuriye alifua sufu mwenyewe mferejini, akaianika juu ya paa kando ya aprikoti za majirani, akaichapa kwa fimbo mpaka ikaumuka, kisha akaketi sakafuni na subana kidoleni, akitoa maua na majani kwenye satini bila kuchora mstari hata mmoja. Mume wake, fundi wa kupaka bati vyombo vya shaba, alikwisha kufariki. Alibaki na mwana mmoja tu, Sabri, na mwaka ule Sabri alikuwa jeshini, huko mpakani, kama kijana mwingine yeyote wa nchi.

Sasa, Nuriye halikuwa jina lake. Jina lake lilikuwa Nuvart. Mumewe, ambaye mtaa ulimwita Fundi Kadir na ukamzika kwa jina hilo, mama yake alimwita Garabed. Na Sabri alizaliwa Sahag, ingawa jina hilo alilisikia mara chache sana maishani, na kila mara kwa kunong'onezwa. Walikuwa Waarmenia. Walihama kijiji kimoja cha upande wa Sivas, ambako kila mtu alijua nani ni nani na nani alinusurika vipi zamani zile Waarmenia walipouawa, wakaja Malatya wakiwa vijana ili wasijulikane na mtu.

Garabed alikuwa bingwa wa kujificha, na mimi sitamcheka, maana sisi watu wa kwetu tumejificha kwa namna za kuchekesha zaidi. Alibadilisha dini kwenye vitambulisho. Alikwenda msikitini kila Ijumaa, tena safu ya mbele. Alimtahirisha mtoto hadharani, kwa ngoma na zumari, akaalika mtaa mzima kuja kula wali na nyama. Msalaba mdogo wa mama yake aliufukia mahali ambapo hata mkewe hakuambiwa. Mayai mekundu ya Pasaka, marufuku. Kuimba kwa lugha ya nyumbani wakati wa kufua, marufuku. Mwezi wa Ramadhani Nuvart aliwasha taa ya jikoni kabla ya alfajiri ili majirani waone kwamba na nyumba hiyo inakula daku, na mchana alifunga kwelikweli, kwa sababu Garabed aliogopa hata harufu ya chai mdomoni.

Kila kilichoweza kuonekana kiliondolewa. Likabaki jambo moja tu. Sisi hatuli zabibu mpya mpaka zibarikiwe. Katikati ya Agosti, Jumapili ya Bikira Maria, padri hubariki zabibu za kwanza za mwaka, na hapo ndipo watu hula. Malatya hapakuwa na padri wa kubariki chochote, lakini Nuvart alikuwa na hesabu yake mwenyewe: padri wa Istanbul akishabariki za kwake, basi zimebarikiwa zote, mpaka za Malatya. Kabla ya Jumapili hiyo hata punje moja haikugusa ulimi wake. Hakuzila utotoni, wala alipokuwa na mimba ya Sabri na kuzitamani mpaka machozi yakamtoka.

Garabed alimwachia hilo. "Asiyekula hakamatwi," alisema. "Nani atakaa kuhesabu vitu ambavyo hukula?"

Kosa kama hilo huwezi kulifanya isipokuwa umezaliwa kwetu. Mtu anakesha akificha anayoyatenda, na hawazi kabisa kwamba majirani wana macho pia kwa yale asiyoyatenda. Kila mwaka, ikianza Agosti, Nuvart alijishika tumbo na kusema zabibu za mapema zinamsokota, na kila mwaka watu walisema pole, na akaamini mambo yameishia hapo.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Makbule, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye hakuweza kuona ukimya bila kuujaza. Alikuja kila siku kukaa mlangoni akimwangalia Nuvart akishona.

"Wewe Nuriye," alikuwa akimwambia, "mfarishi wako mzito hivi, maharusi si watasinzia tu? Wajukuu watatoka wapi?"

"Watashona wao wenyewe mwepesi wakizeeka," Nuvart alijibu, na Makbule akacheka mpaka akajipangusa macho kwa pembe ya kilemba.

Mwanawe Makbule, Turgay, alilelewa pamoja na Sabri, akila mkate huku na huku kama nyumba zote mbili zilikuwa za mama mmoja. Waliitwa jeshini pamoja wakapangwa kikosi kimoja. Siku ile Makbule alipiga vigelegele. Nuvart naye alitabasamu, lakini kwa hofu. Turgay alikuwa na mdomo wa mama yake. Jambo likifika sikioni mwa Turgay, limefika kambini. Na Nuvart alikuwa amesikia, kwa jamaa wa Sivas, juu ya kijana wetu mmoja ambaye wenzake walimgundua: eti bunduki ililia wakati wa kuisafisha, wazazi wakaletewa jeneza na pole. Hakuna aliyeulizwa. Mpakani, gizani, bunduki nyingi, nani atauliza?

Kwa hiyo hofu yake yote ilikuwa na sura moja: mtaa usijue, mpaka Sabri arudi. Akisharudi, na wajue.

Mwaka ule redio ilikuwa na habari mbaya kila baada ya muda. Waarmenia fulani, wa nchi za mbali, walikuwa wakiwapiga risasi mabalozi na watumishi wa balozi huko Ulaya. Nuvart hakumjua hata mmoja wao. Lakini kila redio ilipotamka neno Mwarmenia aliona masikio yake yanawaka moto, akainamia sindano ili uso wake usionekane. Ukutani mwa shule vijana waliandika maneno kwa rangi nyekundu. Alipita pale akienda sokoni bila kugeuza shingo, akijikumbusha kutembea taratibu, kama mtu asiye na neno.

Kisha, mwishoni mwa Julai, risasi ikafika mtaani. Kijana aliyeuawa safari hii hakuwa balozi. Alikuwa dereva wa ubalozi mdogo, Nihat, mtoto wa Pakize, na Pakize ni dada yake Makbule, nyumba ya tatu kutoka kwa Nuvart. Nihat ambaye Nuvart alimshonea mfarishi wa harusi. Walimleta kwa ndege, jeneza limefunikwa bendera, na mtaa mzima ulitoka. Nuvart alilia kama wengine, na machozi yake yalikuwa ya kweli, lakini alipokuwa akilia alijikuta akijichunguza: je, nalia kupita kiasi? Je, nalia kidogo mno? Hata msiba wa mtoto aliyemjua tangu akitambaa hofu ilimnyang'anya, na hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu aichukie hofu.

Hitima ya siku ya saba iliangukia wiki ya kwanza ya Agosti. Nuvart alitafuta udhuru. Angesema anaumwa? Watauliza kwa nini leo. Angesema ana kazi ya harusi? Nani anashona satini ya harusi siku ya msiba wa jirani? Akajitanda kilemba cheupe, akaenda.

Chumba cha wanawake kilikuwa kimejaa mpaka vizingitini. Walisoma Yasini, wakaitikia amin, halua ikapita, chai ikapita. Kisomo kilipokwisha, ndimi zikafunguka.

"Mungu angenipa mmoja tu," alisema mke wa muuza nyama, mwanamke mwembamba mwenye macho ya haraka. "Mmoja tu wa kabila lile. Kwa meno haya haya."

"Wako mbali, wamejificha Ulaya," mtu akasema.

"Mbali wapi, dada! Wapo humu humu nchini. Wamebadilisha majina, wanatupokea mlangoni, wanatuambia makiwa." Mke wa muuza nyama alikoroga chai yake ijapokuwa sukari ilikwisha kuyeyuka. "Unakaa naye, unakula naye, hujui."

"Utamjuaje sasa?"

"Anajulikana tu. Siku moja anajulikana."

Nuvart alikuwa ameshika gilasi yake kwa mikono miwili. Aliiweka chini. Makbule, aliyeketi karibu naye, alipandisha sauti ghafla: "Enyi wanawake, tumekuja kumwombea marehemu au kusengenya? Nani amemaliza halua? Nipeni hata makombo!" Wachache wakacheka chini kwa chini, na mazungumzo yakageuka.

Hapo ndipo Pakize alipoinuka. Tangu asubuhi alikuwa amekaa kimya pembeni, uso umekauka, anainua kiganja tu watu wanapompa pole. Alitoka uani akarudi na sinia kubwa la shaba, na juu ya sinia vichala vya zabibu nyeusi, zimeoshwa, bado zinatiririka maji.

"Hizi ni za mzabibu wa Nihat," alisema. "Aliupandikiza kwa mkono wake mwaka ule kabla hajaondoka. Leo ndiyo mara ya kwanza umezaa. Nazitoa sadaka kwa roho yake. Kila mtu ale, asibaki mtu."

Sadaka ya marehemu haikataliwi. Hata mwenye sukari hula, hata aliyeshiba hula, maana kila anayekula ni dua inayomfikia aliyelala kaburini, na anayekataa ni kama amemnyang'anya maiti riziki yake. Nuvart alilijua hilo vizuri. Aliona sinia likianza upande wa dirishani. Kila mwanamke alikata kitawi chake, akasema "Mungu amrehemu," akala. Pakize alisimama mbele ya kila mmoja mpaka amalize kumeza.

Nuvart alihesabu vichwa vilivyobaki. Alifikiria tumbo, ule udhuru wake wa miaka yote, na udhuru ukaonekana uko uchi mbele ya watu wote wale. Alifikiria kujifanya amezimia. Alifikiria kukata kitawi na kukificha kwenye mkunjo wa sketi. Alimwona Sabri, si kwa sura yake ya sasa bali alipokuwa mdogo, kichwa kimenyolewa, akimkimbilia na goti linalotoka damu. Kisha aliona tu vidole vya miguu vya Pakize, ndani ya soksi nyeusi, vimesimama mbele yake.

"Kula, dada Nuriye," alisema Pakize. "Kwa roho ya Nihat wangu."

Mke wa muuza nyama alikuwa ameacha kutafuna. Nuvart aliinua uso, akakutana na macho ya Pakize, na macho yale hayakupepesa.

Alikata kitawi. Punje ya kwanza ilimponyoka ikadondoka mapajani, akaiokota. "Mungu amrehemu," alisema, na sauti ikamtoka nzima nzima, hata yeye akashangaa. Akaitia mdomoni.

Ilikuwa tamu. Hilo ndilo alilokuja kulionea haya baadaye kuliko yote: kwamba ilikuwa tamu, ya baridi, ngozi yake ikapasuka na mdomo wake ukaifurahia kama mdomo wa mtoto, huku moyo ukimwambia umekwisha, Nuvart, ulichokuwa nacho ndicho hicho na umekimeza. Alikula ya pili, ya tatu, akamaliza kitawi chote. Pakize alisimama pale mpaka mwisho. Kisha akasogeza sinia kwa Makbule.

Nuvart alipofika nyumbani hakuvua viatu. Alipita moja kwa moja mpaka nyuma ya banda la kuni akatapika. Alikuwa bado ameinama, mkono ukutani, aliposikia mlango wa uani ukigongwa na kufunguliwa hapo hapo, kama alivyozoea Makbule.

Makbule hakutania. Alimnawisha uso kwa maji ya birika, akamketisha kwenye kizingiti, akaketi naye.

"Nilitaka kukupokonya kile kitawi mkononi," alisema. "Wallahi, mkono ulikuwa njiani."

"Tumbo langu, dada. Unajua zabibu za mapema..."

"Nuriye."

"Zinanisokota."

"Nuriye, acha." Makbule alimshika goti. "Kwetu pana mzabibu umefunika ukuta mzima, unaiva Julai. Nakuletea kila kitu, nyanya, bamia, hata mchuzi wa jana. Zabibu nimewahi kukuletea kabla ya ile Jumapili yenu?"

Nuvart alirudi nyuma kichwani, mwaka baada ya mwaka, na kweli: sahani ya kwanza ya Makbule ilifika siku zote Jumatatu, siku moja baada ya Jumapili ya baraka. Yeye alidhani ni bahati. Alimshukuru Mungu kwa bahati hiyo, mara nyingine hata kwa sauti.

"Bibi yangu mimi alikuwa na jirani wa kwenu, zamani," Makbule alisema. "Nilijua tangu kiangazi chako cha kwanza hapa. Nikasema, basi, mtu na mambo yake. Kilichoniuma leo ni kwamba umekula. Umekula kwa kutuogopa. Na mimi nilikuwa nimekaa ubavuni kwako."

Msomaji anaweza kufikiri kwamba hapo Nuvart alimwangukia shingoni. Miaka yote ile ya taa ya daku na safu ya mbele msikitini, na kumbe mtu anajua na bado anampenda. Mimi pia ningependa kusimulia hivyo. Lakini Nuvart alikuwa mama wa askari, na kichwani mwake swali lilikuwa moja.

"Nani mwingine anajua?"

Makbule alicheka kidogo, kicheko cha kumtuliza. "Eh, dada yangu. Useme nani asiyejua!"

"Mke wa muuza nyama?"

"Yule? Unadhani alikuwa akimsema nani?"

"Pakize?"

Makbule akaacha kucheka. Aliokota ganda la aprikoti chini akalivunjavunja vidoleni. "Pakize anajua," alisema.

"Alijua, na akanisimamia na sinia lile."

"Ana uchungu, Nuriye. Mtu mwenye uchungu mimi siwezi kumsemea."

"Na Turgay?"

"Turgay amekula mkate wako tangu ana meno mawili! Siku ya kuondoka nilimweka chini nikamwambia, Sabri ni ndugu yako, ukifungua mdomo huko kambini usirudi nyumbani kwangu. Akaapa."

Nuvart aligeuka akamtazama. "Kwa hiyo uliona kuna haja ya kumwapisha," alisema.

Makbule alidondosha vipande vya lile ganda la aprikoti. Walikaa pale mpaka kivuli cha banda kikafika miguuni mwao, kisha Makbule akaenda kupika.

Siku zilizofuata Nuvart alishona lakini mishono ilienda upogo, akawa anafumua. Mtaa ulikuwa ule ule na haukuwa ule ule. Mwokaji alipomwambia "karibu, Bi Nuriye," alisikia mwokaji akiling'ata lile jina kwa mzaha. Wote walikuwa wakijua! Walipokuja kula wali wa tohara walijua. Walipombeba Garabed kwenda makaburini, wakimwita Kadir, walijua. Usalama alioujenga maisha yake yote ulikuwa hisani ya watu, na hisani mtu anaweza kuichukua siku anayotaka. Zamani aliogopa kujulikana. Sasa hakuwa na hata hicho cha kuogopa, ikabaki hofu tupu, isiyo na mlango wa kufunga.

Pakize alikuja siku moja mchana, peke yake, bila kubisha hodi. Nuvart alikuwa amepiga magoti juu ya mfarishi, sindano mkononi. Pakize hakuketi. Aliegemea mlango, amevaa nguo nyeusi ile ile ya hitima.

"Ulikula," alisema.

"Nilikula."

"Nilitaka ukatae."

Nuvart aliinua macho. "Kwa nini, dada Pakize?"

"Ungekataa, ningepata wa kumchukia." Aliyasema bila hasira, kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Wale waliomuua siwajui sura, siwajui nyumba. Siwezi hata kuwalaani vizuri. Wewe nakujua. Uko nyumba ya tatu. Nilikaa siku saba nikifikiri, nitaleta zabibu, atakataa sadaka ya mwanangu mbele ya watu, na hapo sitalaumiwa. Yeyote angefanya lolote, nisingemzuia."

"Na mwanangu?" Nuvart alisema. Hakujua alivyopata ujasiri. "Naye ungewaacha wamdhuru?"

Pakize alimtazama. "Naye," alisema. "Siku ile, ndiyo. Naye." Akajishika kwenye mlango. "Ukala. Ukasema Mungu amrehemu. Nikabaki mikono mitupu."

Akateleza na mlango mpaka chini, akaanza kulia, kilio kibaya ambacho hakukilia hata siku ya jeneza. Nuvart aliweka sindano chini. Alimwogopa mwanamke yule kuliko kitu chochote duniani, na akaenda akamkumbatia, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Walikaa hivyo. Pakize alipoinuka alijipangusa, akasema mfarishi ule umetoka vizuri, akaenda zake. Hakurudi tena, wala hakusema neno baya, na mtaani walisalimiana kama kawaida.

Lakini Nuvart alikwisha kuamua kuhama. Alimaliza kazi za watu alizokuwa nazo, akakataa mpya kwa kusema macho yanamsumbua. Jumapili ya baraka ilipita, Jumatatu Makbule akaleta sahani yake, na Nuvart akaipokea kwa mikono miwili. Hakumwambia. Kila siku alijisemea, leo nitamwambia, na kila siku alikumbuka Turgay yuko kule, kitanda cha pili kutoka kwa Sabri, na kwamba neno likishatoka halina anayelishika. Aliuza vyombo vya shaba kidogokidogo, kwa wachuuzi wa mbali, kimoja leo, kimoja wiki ijayo.

Sabri alimaliza jeshi vuli ile. Nuvart alimngojea kituo cha mabasi, mafurushi yake mawili yamekwisha kupakiwa kwenye basi lingine. Basi lilipoingia aliwaona wote wawili wakishuka, yeye na Turgay, weusi kwa jua, vichwa vimenyolewa, wakisukumana na kucheka. Alimkagua Sabri kuanzia juu mpaka chini, mikono miwili, miguu miwili, macho mawili.

"Mamdogo Nuriye!" Turgay alimbusu mkono, akauweka kwenye paji la uso. "Umekuja kutupokea sote! Mama yuko wapi, bado anaongea na mtu njiani?"

"Yuko nyumbani, anakusubiri. Kimbia, mwanangu. Sisi tunakuja nyuma."

"Basi nipe begi lako, we mvivu," Turgay akamwambia Sabri, akalitweka begani juu ya lake. "Nitaliacha kwenu." Akaondoka akipiga mluzi, na Nuvart akamtazama mpaka alipokata kona.

Kisha akamshika Sabri mkono, akamvuta upande wa pili wa kituo, kwenye basi la Istanbul. Alimweleza huku wakipanda, kwa maneno machache na kwa sauti ya chini, na Sabri, ambaye alilelewa katika nyumba ile, hakuuliza mengi. Basi lilipotoka mjini ndipo aliposema:

"Begi langu, mama."

"Tutanunua lingine."

Miti ya aprikoti ilipita dirishani, majani yameanza kuwa ya manjano.

"Huko kambini," Nuvart alisema, "Turgay alikuwaje na wewe?"

"Turgay?" Sabri alishangaa swali. "Nilipoumwa homa alinishikia zamu zangu zote. Palikuwa na mmoja wa Yozgat alinianza, eti sura yangu, eti wewe mtu wa wapi. Turgay alimvunja jino. Akafungiwa kwa ajili yangu." Alicheka peke yake akikumbuka, kisha akamgeukia mama yake. "Mamdogo Makbule ulimuaga lakini?"

"Nilimuaga," alisema Nuvart.

Alisema uongo. Alikuwa ametoka alfajiri, Makbule akiwa kwenye sala, akafunga mlango polepole ili bawaba isilie, kwa sababu alijua akimwona uso hataondoka. Sasa aliona aibu, aibu ya kumchoma kifua, akamfikiria Makbule amesimama mlangoni na begi la Sabri mkononi, akiwangojea waje nyuma. Aliona aibu, na bado aliogopa, na aibu ile haikuipunguza hofu hata kidogo. Dereva alisimamisha basi kwenye kituo cha mwisho cha wilaya, akauliza kama kuna anayeshuka. Nuvart alitazama mbele, akangoja basi liondoke.